Ile Moja Iliyowekwa Akilini

Siku ya matokeo ya hesabu walikuwapo Mwalimu Kakakuona, Ngiri, Digidigi, ambaye wengi humwita Paa kimakosa, na Kindi, mwenye tabia ya kufukia kila anachopata. Kindi alikosa maswali yote.

"Bwana Kindi, sifuri imekupenda kweli!" alicheka Ngiri.

Kindi alimwendea Mwalimu. "Shikamoo. Nimekuja kuaga. Shule basi."

"Marahaba. Kwanza nijumlishie ishirini na saba na kumi na tano."

"Saba na tano, naandika mbili, naweka moja akilini. Mbili na moja, tatu. Thelathini na mbili."

"Na ile moja?"

"Nimeiweka, Mwalimu. Iko salama."

"Ndivyo ulivyofanya kila swali. Kosa lako ni hilo tu, mwanangu. Ukiiweka, uifukue."

Kindi akabaki shuleni. Kila jioni alijumlisha akinong'ona, "Weka, fukua." Aliposahau, alifuta akaanza upya.

Mtihani uliofuata alikosa swali moja tu. Alikimbia kumwonyesha Mwalimu karatasi. Digidigi alimpokea mlangoni, akamwambia kwamba Mwalimu Kakakuona alifariki alfajiri.