Haraka ya Kalume

"Kubali, ndugu yangu," Okoth alimnong'oneza Kalume kwenye benchi la mahakama, pale Malindi. "Sema ni kweli, ulipe faini, twende zetu."

Okoth alikuwa dereva mwenzake, na kwa makosa ya barabarani aliijua mahakama ile kuliko karani. Kalume aliikunjua hati ya mashtaka, akaisoma tena.

Hakuna aliyemwelewa kwa nini akusudie kukana. Kukimbiza gari alikimbiza. Mashine ya polisi ilimnasa karibu na Mambrui. Akikana kisha ashindwe, huenda leseni ikamtoka, na pikapu ya kupeleka mananasi hoteli za Kikambala ndiyo iliyokuwa jembe lake. Heri nusu shari, Okoth alimwambia, kuliko shari kamili.

Siku ile askari alikuwa ameinama dirishani akachungulia. Kwenye kiti cha pembeni aliona leso tu, imekunjwakunjwa.

"Uko peke yako, haraka ya nini?"

Kalume aliitazama leso, akaigusa. Hakubisha wala hakuomba. Alipokwisha kuandikiwa, hakuendelea na safari ya Malindi. Aligeuza gari akarudi kwao Adu kwa mwendo wa kinyonga, hata yule askari akacheka.

Tangu hapo nyumba ilipoa. Mkewe, Kadzo, alishinda kitandani, kifua amekifunga kitambaa kwa nguvu, chakula hakitaki. Doti yake ya leso ilibaki kipande kimoja. Kalume naye moyo ulimuuma hata akawa hawezi kupita Mambrui bila kusimamisha gari kando, afute macho kwanza.

Asubuhi ya kesi, mama yake, Bi Kabibi, alimshika mkono kabla hawajapanda gari.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Lipa, tusahau. Mambo haya kwetu hayaliliwi."

"Mimi sitasahau, mama."

"Basi unaenda kubishana na serikali kwa faida gani?"

Kalume alimfungulia mlango wa gari. Bi Kabibi akapanda hivyo hivyo, na sasa alikuwa amekaa benchi la nyuma, ushungi ameuvuta hadi kwenye nyusi, akiomba kimoyomoyo mwanawe asijitie kitanzi.

Karani aliita jina. Kalume akasimama kizimbani. Akasomewa kwamba aliendesha pikapu kupita kiwango cha mwendo, akiwa peke yake garini, bila sababu yoyote ya msingi.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Si kweli, mheshimiwa."

Okoth alijishika kichwa.

Hakimu alivua miwani. Alikuwa mama mtu mzima, na sauti yake haikuwa na ukali. "Bwana Kalume, mashine ilikupima. Unasema hukukimbiza gari?"

"Nilikimbiza, mheshimiwa. Mwendo nakubali, na leseni mkitaka chukueni." Aliinua ile karatasi. "Ninalokana ni hapa mlipoandika nilikuwa peke yangu. Tulikuwa wawili. Naomba mwandike na jina lake: Kabibi binti Kalume, amezaliwa alfajiri ile ile, nikimkimbiza hospitali."

Benchi la nyuma, mama yake akaangua kilio.