Bei ya Kichwa Kimoja

"Shemeji, hadubini inachunguliwa kwa juu," Mkurugenzi alinong'ona. "Na ukiulizwa swali gumu, sema bado tunatafiti."

Shemeji akainua kichwa na kuchungulia upya. Mjomba kinyozi alifunga vifungo vya koti jeupe. Binamu dereva alitikisa chupa ya maji ya rangi kwa bidii ya kutisha.

Katika maabara nzima mtafiti wa kweli alikuwa mmoja tu: dada yake Mkurugenzi, aliyevumbua gundi inayoshika hata penye maji. Kampuni kubwa isipoinunua maabara leo, kesho mwenye nyumba angetia kufuli, na kazi ya dada ya miaka mingi ingeishia jalalani. Lakini kampuni haikuwa na haja na gundi. Ilitaka watafiti, na bei ilipangwa kwa kichwa. Damu nzito kuliko maji, Mkurugenzi akaita ukoo.

Mnunuzi aliingia na suti inayong'aa. Nyuma yake alikuja mwanasheria, mama mtu mzima mwenye mkoba mkubwa.

"Wewe unashughulika na nini?" Mnunuzi alimuuliza mjomba.

"Nywele," mjomba akasema, kisha akakumbuka. "Bado tunatafiti."

"Vizuri sana."

Mwanasheria akamsogelea Mnunuzi, akamwekea tai sawa, akamfuta shavu kwa leso. Mkurugenzi aliona wivu. Kumbe kampuni kubwa hutunzwa hivi na mawakili wao!

Dada akaanza kueleza gundi yake, macho yakimng'aa. Mnunuzi alipiga miayo, akaendelea kuhesabu kwa kidole. Hata fundi bomba, aliyekuja kuziba sinki, alihesabiwa. Mkataba ukatiwa saini, mikono ikapeanwa.

Mkurugenzi alipaswa kufurahi, ila dhamiri ilimsuta. Alimfuata Mnunuzi hadi mlangoni.

"Bosi, kusema kweli, hawa watu..."

"Usiniambie." Mnunuzi alimshika bega, akashusha sauti. "Jumatatu waje wote kwangu, na makoti hayo hayo. Kuna wakubwa wanakuja kutununua sisi, nao wanahesabu vichwa. Wakitulipa, ndipo na ninyi mtalipwa. Nina ghorofa tatu za kujaza, ndugu yangu, na mpaka sasa nimempata mama yangu peke yake."

Pale kwenye kiti, mwanasheria alikuwa ameshaweka mkoba chini, anajaribu koti jeupe.