Uchunguzi wa Bi Thuwaiba

"Kijana anakunywa methadoni, ile dawa ya kuachia unga," alisema Bi Thuwaiba, kisha akajimiminia kahawa.

Ukumbi mzima ukamgeukia. Wajumbe wa Amour walikuwa wanarudi baada ya alasiri kuchukua jibu la posa, na mposaji huchunguzwa kwanza. Kazi hiyo Mzee Ahmada hampi mwengine ila dada yake huyu. Bi Thuwaiba keshawakataa wawili: mmoja kwa uongo, wa pili kwa kumfokea mama yake. Kila asubuhi hushika kikapu chake akaenda sokoni, hata Idd Mosi, akarudi na fungu moja la ndimu na habari za mji mzima.

Nyuma ya pazia, Zuleikha, binti anayeposwa, alisogea karibu asikie. Amour alimweleza mwenyewe tangu mwanzo. Wazee ndio hawakuambiwa.

Mzee Ahmada alisema basi, yamekwisha. Binti yake haolewi na teja.

"Sijamaliza, kaka."

Akaeleza taratibu, maana mambo mazuri hapendi kuyaharakisha. Amour hufika kliniki kabla dirisha halijafunguliwa, akawachekesha wenzake foleni nzima. Hunywa dawa mbele ya muuguzi, kisha hutakiwa aseme neno, ijulikane kuwa kameza. Wengine husema "tayari" wakaenda zao. Yeye mwezi mzima huu anasema, "Nnakwenda kuoa," na muuguzi hajachoka kucheka.

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko kilichozibwa kwa mtandio.

Mzee Ahmada hakucheka. Alimpenda mno binti yake, na alimhofia. Alisema kumfuata mtu mwezi mmoja si kumjua. Mwezi mmoja kila mtu anaweza kujikaza.

"Miaka mitatu," alisema Bi Thuwaiba. "Mvua, jua, na Idd zote. Hajakosa hata siku moja. Mpe mtoto, kaka. Huyu keshapona kuliko wengi wasiowahi kuugua."

"Miaka mitatu? Nani kakwambia?"

Bi Thuwaiba alivuta kikapu kilichokuwa miguuni pake, akazisogeza ndimu, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjika pembe. Aliiweka mbele ya kaka yake, picha ikiangalia juu. Ilikuwa picha ya Bi Thuwaiba mwenyewe.

"Hakuna aliyenambia. Kwenye foleni, mimi ndiye wa nyuma yake."