Mlango Unaoitikia Hodi

Kwa sheria, katika nyumba ya mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini, hodi huitikiwa na mlango wenyewe. Hunusa pumzi ya mgeni. Akiwa hata na mafua, haufunguki.

Bi Mwanahawa alishauzoea. Hakuwa na virusi vya UKIMWI. Kinga ilimpungua ukubwani, na madaktari hawakujua sababu. Dawa zilimkubali vizuri. Alichokosa ni kumpakata Salmini, mjukuu wake, asiyeishiwa makamasi.

Leo mlango ulisema, "Karibuni."

Alimpakata huku akicheka. "Umemfanyaje, Zuhra?"

"Tangu Ramadhani hatoki nje, mama," binti yake alijibu. "Wala hachezi na wenzake."

Salmini alimnong'oneza: "Bibi, na mimi nitapewa mlango wangu?"

Bi Mwanahawa hakumwachia.