Barrette ya mémoire

"Ordinateur yako iko ya zamani, papa," fundi wa kompyuta aliniambia. "Tafuta barrette ya mémoire sawa na hii, haka kakipande ka kumbukumbu ya mashini, ndiyo picha za mutoto wako Glodie zitafunguka."

Nilizunguka soko yote ya Bunia na ile barrette ya kuharibika mu poche ya suruali. Mama mumoja alikuwa anauzisha chargeur za simu na mafuta ya nywele. Nilimuuliza tu:

"Uko na barrette?"

Akaniwekea mu mukono kabarrette ka kubania nywele, ka plastiki nyekundu.

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

Nilitaka kucheka, nimuonyeshe ile ya ordinateur. Lakini kidole yangu ilikuwa tayari inafungua kale kabarrette, inafunga, inafungua. Glodie tulimuzika kule mu kijiji ya Fataki na ya jaune, rangi ya manjano, mu nywele.

"Sita," nilimujibu. "Anapenda ya jaune."