Kengele ya Zenon

Kengele ililia tena nyuma yake, mara mbili, na Honorata akasogea kando kuipisha baiskeli ambayo haikupita.

Akageuka. Njia iliyopita juu ya tuta ilikuwa tupu hadi upeo wa macho, jua la saa tano likiwaka, matete yamesimama pande zote mbili bila upepo. Hii ilikuwa mara ya sita tangu Jumatatu. Safari hii hata hakujidanganya kwamba ni ndege.

"Sina haraka, Zenon," alisema kwa sauti, kisha akajionea aibu na kukanyaga pedali.

Zenon alikuwa mumewe. Kila alipotaka njia alipiga kengele mara mbili, na maana yake ilikuwa: kaza, unanichelewesha. Ilikuwa kengele ya shaba, urithi wa baba yake, aliyoifunga mwenyewe kwenye baiskeli ya kijani, pacha wa ile ya Honorata. Agosti miaka mitatu iliyopita waliingia wawili kwenye vinamasi vya mto Biebrza, Poland, kwa likizo ya baiskeli ya siku tano, akatoka mmoja. Honorata alieleza kwamba mumewe alitangulia kwenda kupiga picha ndege aina ya korongo, asirudi. Zimamoto na wanakijiji walitafuta wiki mbili, maji yakiwafika kiunoni. Hakuonekana yeye wala baiskeli.

Tangu hapo, kila Agosti, anarudi. Njia ileile, siku zilezile, vyumba vilevile vya kulala. Watu wa mtoni wanamjua. Wanawake humtolea mfano mbele ya waume zao: mwone yule, huo ndio upendo, wewe nikipotea utanitafuta mpaka dukani tu urudi. Honorata huinamisha kichwa na kusugua kidole chake kidogo cha kushoto, kile kisichonyooka. Akiulizwa, husema alianguka kwenye baiskeli.

Kilichomrudisha ni kimoja tu: kujua kama Zenon amepatikana. Asipokuja kuona kwa macho yake, halali. Huko kwao, mjini Łódź, hukaa kitandani akisikiliza mvua, na ikikatika moyo humwenda mbio.

Na mwaka huu mvua haikunyesha kabisa.

"Maji yako wapi?" alimuuliza mkodisha mitumbwi siku ya kwanza.

"Yameenda likizo kama wewe!" yule bwana akacheka. "Dada yangu, mwaka huu unavuka kinamasi bila kulowesha soksi. Mashine za kukata nyasi zinafika mahali ambapo hata babu yangu hakufika." Ndipo akamkumbuka ni nani, akavua kofia upesi. "Aa, nisamehe, bibie. Labda mwaka huu atapatikana."

Siku ile Honorata alizima simu.

Sasa ilikuwa siku ya nne, na Bibi Genowefa, mwenye nyumba ya kituo cha nne, alikuwa amesimama langoni, aproni mkononi, macho mekundu.

"Shuka, mwanangu, shuka! Simu umeizima ya nini? Tunakupigia tangu juzi!"

Honorata akashuka. "Wamempata?"

"Baiskeli, mwanangu. Wamepata baiskeli yake."

Mzee Walenty, mume wa Genowefa, akawaongoza ghalani. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyeusi kwa tope, kijani kikichungulia hapa na pale. Polisi wangekuja saa tisa kuichukua. Waliomba kwanza Honorata aitambue.

"Mashine ya nyasi ndiyo iliyoikwaa," alisema Walenty, "ng'ambo ya daraja la pili la mbao. Na mifuko ya nyuma imejaa mawe, hebu fikiria! Nani anakwenda likizo na mawe?"

"Nyamaza wewe mzee, unamtisha mtoto wa watu."

Honorata alishika mwimo wa mlango. "Na chini yake?"

"Chini ya nini?"

"Ya baiskeli. Walichimba?"

"Jana kutwa nzima. Wamechimba mpaka wakafika kwenye mchanga mweupe. Hakuna kitu. Hata kifungo cha shati hakuna."

Genowefa akamkumbatia kwa nguvu, akilia na kucheka kwa pamoja. "Umesikia? Hayumo! Mimi nilisema tangu mwanzo, wakaniona mwehu. Yule yu hai. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe! Twende ukale, supu ya bitiruti ipo ya baridi, na viazi na bizari. Leo tunakula kwa furaha, jamani."

Honorata hakumfuata. Akapiga magoti mbele ya ile baiskeli, na wazee wale wawili, wakidhani anasali, wakafanya ishara ya msalaba. Mkono wake ulikuwa unapapasa usukani, huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani gizani.

"Kilichokosekana ni kengele tu," Walenty alisema kwa upole. "Wala haikung'oka. Imefunguliwa, na skrubu zimerudishwa mahali pake vizuri kabisa. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka."

Lakini kengele ilikuwepo. Honorata alikumbuka vizuri, kwa sababu iligonga jiwe ikalia mara moja, siku ile alipoilaza baiskeli juu ya kifua cha Zenon na kuikanyaga mpaka maji yakamfunika yeye na baiskeli.

Langoni kengele ikalia, mara mbili.

"Nani tena huyo?" alisema Genowefa, akajifuta machozi, akaenda kumfungulia.