Saa Isiyo na Laini

Mkono uliolala juu ya kioo cha duka ulikuwa wa Natalia, lakini aliyekuwa akichagua saa ni mumewe. Alimkamata kifundo palepale penye uvimbe, akaugeuza mkono huku na huku kama anayenunua samaki.

“Nataka ya kukimbilia,” alisema Mwalimu Paschal. “Yenye GPS. Ya bei nafuu, ila isinidanganye.”

Insiya, mwenye duka, aliuona uvimbe. Duka lake linatazamana na stendi ya Kibiti, na si mara ya kwanza kuona mambo ya mama huyu. Akatoa saa mbili.

“Hii ina laini yake, mwalimu. Mama akiwa njiani, wewe nyumbani unamwona kwenye simu hatua kwa hatua.” Akataja bei. Paschal akaguna. “Basi hii hapa. Haina laini. Njia inaiweka tumboni, mpaka irudi karibu na simu yako, tuseme hapo mlangoni, ndipo inamwaga yote. Ramani, kilomita, dakika.”

“Na akiivua akampa mwenye bodaboda amzungushie?”

“Inapima mapigo ya moyo, mwalimu. Ikivuliwa yanakatika, na utaona yamekatikia wapi. Na mwendo wa pikipiki si utauona tu?” Akaifunga mkononi mwa Natalia, tundu la pili. “Kamba ndefu, hata mwanamume mwenye mkono mnene inamtosha. Chaji inakaa wiki. Kwa mazoezi ya kila siku, kwa bei hii, sina ya kuishinda.”

Paschal akaomba apunguziwe. Akapunguziwa.

Natalia alikuwa muuguzi, na wakubwa wake walikuwa wamemteua akimbie kilomita kumi kwenye michezo ya watumishi. Barua ilikuja na mhuri, na Paschal alikuwa mtu wa kuogopa mihuri kuliko anavyomwogopa Mungu. Kumkataza mkewe hakuweza. Aliweza kumsahihisha.

Njia aliipanga mwenyewe: nyumbani, kona ya shule, barabara ya Mahege mpaka mikorosho inapoanzia, na kurudi. Kila asubuhi Natalia akirudi alibisha hodi mara tatu, kisha akasimama barazani mlango ukiwa umefungwa, mpaka simu ya Paschal ilie na mwenyewe aisome ramani kama daftari la mwanafunzi. Mstari ukinyooka, aliambiwa ingia. Ukipinda aliambiwa ingia vilevile, ila bakora ilikuwa ikimngoja nyuma ya mlango.

Siku aliyozunguka dimbwi alikula bakora sita. Siku aliyosimama kumfunga jeraha mtoto aliyeanguka na baiskeli, aling'olewa jino la mbele. Natalia alikuwa na tabasamu zuri sana, na inaniuma hata kulisimulia jambo hili.

Jioni hiyohiyo alijaribu kumpigia kaka yake, Fabiani, anayefundisha mgambo kule Nyamwage, ng'ambo ya mto. Alifika kwenye “Kaka, shikamoo” tu. Paschal aliipokonya simu, akaiponda kwa kisigino, halafu akahamia kwenye mbavu.

“Siku ukinikimbia,” alimwambia, goti likiwa kifuani kwake, “nikikukuta upande huu wa mto, utarudi humu ndani kwenye gunia.”

Natalia alimwamini. Yule bwana hakuwa mtu wa kutisha bure.

Ijumaa Insiya alikwenda zahanati kwa Natalia kupimwa presha, akakaa chumbani kwa sista huyo muda mrefu kuliko presha inavyotaka. Jumamosi na Jumapili mistari ilinyooka.

Jumatatu, kumi na mbili asubuhi, Natalia alifungiwa saa na mumewe kama ilivyo ada, akabonyeza kitufe mbele yake, akatoka akijishika ubavu. Paschal alimtazama mpaka alipopotelea kwenye kona, akarudi ndani kunywa chai.

Hakutarajia kumwona kabla ya saa moja na robo. Kwa mbavu zile, labda na nusu. Lakini haijafika hata saa moja, vishindo vya miguu vikasikika uani, na simu ikalia juu ya meza.

Akaisoma. Kilomita kumi kamili. Mstari umenyooka, hakuna pikipiki, ni mwendo wa miguu tu. Dakika hamsini na mbili! Hajawahi kukimbia hivyo tangu barua ije.

“Kumbe bakora inafundisha,” Paschal alijisemea, karibu afurahi.

Kisha akaiona kona ya shule. Pale, mwanzoni kabisa mwa safari, mapigo yalikuwa yamekatika. Sekunde kumi na nne, halafu yakaendelea mpaka mwisho bila kukoma.

Ameivua. Amesimama na mtu, akaivua, kisha akakimbia mbio hizi zote ili kufidia. Paschal aliweka kikombe chini taratibu. Leo hata mhuri usingemzuia. Akaichukua bakora, akasimama nyuma ya mlango, akachagua mahali pa kuanzia: mdomoni, kwenye lile pengo.

Barazani mtu alikuwa akihema. Hodi zikaja tatu, polepole, kama za kila siku.

“Ingia.”

Mlango ulipofunguka nusu tu, Paschal alishusha bakora kwa nguvu zake zote.

Ikadakwa hewani. Mkono ulioidaka ulikuwa umevaa saa ile, imefungwa tundu la mwisho.

“Natalia keshavuka mto, shemeji,” alisema Fabiani, akaufunga mlango nyuma yake kwa kisigino.